Kumpisha Mzee Jailos

Turubai la msiba lilikuwa bado halijaondolewa uani pale Mzee Jailos aliposikika anarudi nyumbani kwake Igawilo.

Yusta, mke wa mwanawe, alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akasikia ile kengele nyembamba, ting, ting, na kile kiwimbo kifupi kinachofuata, kama mtoto anayejifunza kupiga mluzi. Hakufikiri. Aliacha kisu, akakaza khanga kiunoni, akatoka kwa mlango wa nyuma na kusimama kando ya ukuta, kichwa chini, akisubiri baba mkwe apite. Alisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi kwa baridi. Ndipo akakumbuka kwamba baba mkwe yuko kule kwenye migomba, na saruji ya kaburi lake haijakauka.

Akajicheka, akarudi kwenye ndizi zake. Zilikuwa palepale kwenye sinia. Ila kila moja ilikuwa imebonyezwa katikati, kama mtu aliyepita anajaribu kwa kidole gumba kama zimeiva.

Asiyewajua Wanyakyusa wa zamani atauliza mwanamke mzima anajificha nini. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni. Hamtaji jina. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia kwenye majani. Siku hizi wengi wameacha, wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha wakicheka. Mzee Jailos hakuacha. Na ili asiwashtukize wanawake kwenye shughuli zao, alikuwa na saa yake: saa ya dhahabu ya mfukoni, ya kizamani, yenye mnyororo na kifuniko, nzito kama jiwe la kusagia ugoro. Aliitoa Chunya akiwa kijana, kwenye shimo la dhahabu lililochimbwa na Wazungu wakaliacha wenyewe bila kumwambia mtu sababu. Saa ile ina kengele tumboni. Ilikuwa ikilia kabla mzee hajaingia uani, na mwanamke anajua: toka.

Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yake Yusta alimjua baba mkwe kwa kengele ya saa, kwa kikohozi, kwa harufu ya ugoro, na kwa viatu, maana viatu aliruhusiwa kuviona. Uso wake hakuuona hata siku moja. Hata kwenye jeneza alipita kichwa chini, na waombolezaji wakamsifu: huyo ndiye mkwe, ana adabu. Adabu! Neno hilo limezika watu wengi kuliko malaria.

Baada ya msiba, Lugano, mumewe, alikabidhiwa saa ile. Akaifunga kwenye leso ya baba yake, akaiweka kwenye droo ya kabati sebuleni, akarudi Rujewa kwenye kazi yake ya mashine ya kukoboa mpunga. Alimwachia Yusta nyumba, mtoto wao Blessing ambaye alikuwa bado ananyonya, na maneno haya: "Mama Blessing, hiyo droo usiiguse. Ndiyo baba mwenyewe hiyo."

Maneno mengine mtu angeyameza tu na chai; haya hayakumezeka.

Saa ikawa inalia mchana. Ikilia sebuleni, Yusta anatoka sebuleni. Akili yake ilijua mzee amekufa. Miguu yake haikujua. Ilishazoea kutoka, ikawa inatoka. Akirudi anakuta kiti cha mzee kimegeuzwa kutazama mlango, na hewa ina harufu ambayo si ya ugoro hata kidogo: harufu ya udongo wa chini sana, udongo mbichi wa shimoni ambao haujawahi kuona jua. Anafungua madirisha, anafagia, anasema ni ukungu. Mbeya kuna ukungu, ni kweli. Lakini ukungu haukai kwenye kiti.

Sebule ikamshinda. Akahamia jikoni. Kengele ikamfuata jikoni. Akahamishia mafiga nje, akawa anapika chini ya mgomba na mvua inanyesha kwenye sufuria. Majirani wakapita, wakaona, wakasema maskini, ana majonzi ya mkwe wake.

Lugano akirudi Jumapili, saa kimya. Kimya kabisa, kama mtoto mtundu mbele ya mwalimu. Yusta anaeleza, Lugano anakula.

"Umechoka tu, mama Blessing."

"Sijachoka. Nimefukuzwa jikoni kwangu."

"Na nani?"

Hapo Yusta ananyamaza, kwa sababu jina halitajwi. Basi mazungumzo yanaishia hapo, kila Jumapili, kwenye jina ambalo halitajwi, na Lugano anaomba nyama ya kuongeza.

Ndipo Yusta akampigia mama yake.

Severina alipanda basi kutoka Kilolo, kule Iringa, na kuku wawili na rozari. Alimkuta binti yake amechuchumaa kwenye matope, anapuliza kuni mbichi.

"Kamwene, mama," Yusta akasema, anapiga goti.

"Kamwene. Inuka. Nyumba ina bati, ina jiko, wewe unapikia mvuani kama mkimbizi. Kuna nini?"

Yusta akamweleza kwa sauti ya chini, anatazama dirisha. Severina alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Yaani unampisha maiti."

"Mama, shh!"

"Usininyamazishe. Ukimpisha mtu kwenye kiti, anakaa. Ukimpisha kwenye kitanda, analala. Wewe umegawa nyumba chumba kwa chumba, halafu unashangaa umebaki uani?"

Wakati anasema hayo kengele ikalia ndani, ting, ting, na Severina aliisikia kwa masikio yake mwenyewe. Kisha akafanya ishara ya msalaba, taratibu, bila haraka, kama anayefunga vifungo vya koti.

Walianza na mchungaji. Mchungaji Isakwisa wa pale mtaani alikuja na vijana wa maombi, wakaomba vizuri, hakuna anayekataa. Walikemea kila pembe mpaka jasho likawatoka. Kila waliposema amina, saa ndani ya droo ililia mara moja, kwa adabu, kama muumini wa nyuma kabisa. Mchungaji akasema roho imekubali. Akala kuku mmoja, akaondoka. Severina alibaki ameshika mfupa mkononi, haamini.

Wakaenda kwa fundi. Yusta aliibeba saa ndani ya leso mpaka Mwanjelwa, kwa fundi saa mmoja aitwaye Aroni, ambaye meza yake iko kwenye kona ya duka la simu. Aroni alifungua kifuniko cha nyuma, akaweka kioo chake jichoni, akatazama muda mrefu.

"Nani kawaambia hii inalia?"

"Tunaisikia," Severina akasema.

"Haiwezi. Springi imekatika, imeota kutu mpaka imeshikana na chuma. Na hiki kinyundo cha kengele kimeganda. Mama, hii saa haijalia tangu mimi sijazaliwa."

"Marehemu alikuwa anaibonyeza kila siku."

"Alikuwa anabonyeza nini? Kitufe chenyewe hakiingii. Angalia." Akakibonyeza. Hakikuingia.

Kisha, juu ya kiganja chake, matumbo yakiwa wazi na hakuna hata gurudumu moja lililotikisika, saa ikalia.

Aroni aliifunga, akairudisha kwenye leso kwa ncha za vidole, akaenda kunawa mikono kwenye ndoo. Hakuwaaga. Kwenye kibaraza, Severina alisimama akashika kiuno.

"Kwa hiyo miaka yote ile," akasema, "mzee hakuwa anatangazwa. Alikuwa anatanguliwa."

Yusta akachuchumaa palepale sokoni, katikati ya watu na mafungu ya viazi. Maana alikuwa ametoka nje mara ngapi, miaka mingapi, akainama, akasikia kengele ikipita mbele yake, halafu kidogo, ndipo viatu. Alidhani anampisha mtu mmoja.

Kama Severina angekuwa na uamuzi, saa ile ingeishia kwenye choo cha shimo jioni hiyohiyo. Lakini ilikuwa ya mkwewe, na kwao mama mkwe na mkwe wa kiume nao wana miiko yao: hawakai meza moja, hawashikani mikono, mmoja hagusi vitu vya mwenzake. Hata kwenye simu walipitia kwa Yusta, simu imewekwa sauti kubwa katikati ya mkeka.

"Mwambie mkwe wangu aje aitupe saa yake."

"Baba Blessing, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama shikamoo. Mwambie ile ni kumbukumbu ya baba."

"Mwambie marahaba. Mwambie kumbukumbu haimfukuzi mtu jikoni."

"Mwambie mama mimi nimekaa nayo chumba kimoja na sijasikia kitu."

"Mwambie hata nguruwe hasikii redio!"

"Mama!"

"Usimwambie hilo."

Lugano akasema atakuja Jumapili. Jumapili ilikuwa mbali, na kile kitu hakikuwa na kalenda.

Siku iliyofuata mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, mvua ya Mbeya isiyo na haraka, na ukungu ukashuka mpaka migomba haionekani. Umeme ukakatika. Severina na Yusta walikuwa barazani wanapukuchua maharage. Blessing alikuwa amelala chumbani, kwenye kitanda cha mama yake, chumba pekee ambako kengele haikuwa imefika.

Ikafika.

Ting, ting, na kiwimbo chake, kutoka chumbani, karibu sana, kama imelia ndani ya mto. Yusta akasimama. Maharage yakamwagika. Akashuka barazani akaingia kwenye mvua, akasimama kando ya njia, kichwa chini.

"Wewe! Unakwenda wapi? Mtoto yuko ndani!"

"Siwezi, mama." Alikuwa analia, na miguu yake haisogei. "Yumo. Siwezi kuingia alimo."

Severina akaingia mwenyewe. Hakuona mtu. Aliona kitanda, aliona blanketi, na alimwona mjukuu wake ameamka, macho wazi, ametulia kabisa. Na kichwa cha mtoto hakikuwa kwenye mto. Kilikuwa kimeinuka juu ya godoro, na mgongo pia, kama mtoto aliyepakatwa vizuri kwenye mkono wa mtu anayejua kupakata. Severina akamshika kiunoni akavuta. Mtoto hakuja. Alikuwa mzito kama gunia la mpunga, na baridi yake ilipanda kwenye mikono ya bibi mpaka kwenye viwiko. Akavuta tena, anasali na kutukana kwa pumzi moja, na kitanda kizima kikasogea, lakini mtoto hapana.

Alirudi barazani mikono imekufa ganzi.

"Mimi hanijui," alinong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza Yusta kumsikia mama yake akinong'ona. "Mimi sijampisha hata siku moja, basi kwake mimi ni upepo. Wewe ndiye uliyempa nyumba. Wewe ndiye utakayemnyang'anya mtoto."

"Na kama ni yeye kweli? Kama ni baba mkwe?"

"Si yeye."

"Unajuaje? Mimi sijui. Sijawahi kumwona, mama! Angeweza kuwa mtu yeyote!"

Severina alimtazama binti yake, amelowa, mwanamke mwenye nyumba na mtoto, ambaye aliishi na mtu miaka yote hiyo akaziona kamba za viatu vyake tu. Hasira ikampanda mpaka ikampasha joto mikono. Aliingia sebuleni, akang'oa ukutani picha ya marehemu, ile kubwa ya fremu iliyotangulia jeneza na ambayo Yusta hakuwahi kuiinulia macho, akatoka nayo kwenye mvua. Akamshika Yusta kidevu, akakiinua kwa nguvu kama anayempa mtoto dawa.

"Tazama."

Yusta akafumba macho.

"Yusta. Mwanao yuko mikononi mwake. Tazama!"

Akatazama. Alikuwa mzee mdogo tu. Masikio yametoka nje, kovu kwenye nyusi ya kushoto, na sura ya mtu anayetaka kupiga chafya akiwa kanisani. Huyo? Huyo ndiye aliyemfanya alale na wasiwasi na aamke na wasiwasi? Karibu acheke. Kisha akaingia ndani.

Alipita sebuleni, akapita kiti kilichotazama mlango, na harufu ya shimo ilikuwa nzito kiasi kwamba alihisi udongo kwenye meno, na alipofika mlango wa chumba miguu ikakataa kama alivyojua itakataa, basi akaushika mguu mmoja kwa mikono miwili akauvusha kizingiti, halafu mwingine, na alipoinua macho alimwona amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mgongo kwake, koti jeusi linalodondosha maji ya rangi ya udongo, anambembeleza Blessing taratibu, na kifuani mwake kitu kinagonga ambacho si moyo. Na Yusta, ambaye hajawahi kumtazama mwanamume yeyote wa ukoo ule usoni isipokuwa mumewe, alizunguka kitanda mpaka mbele yake akamtazama.

Hakukuwa na uso. Palikuwa laini, kama maji yaliyotuama shimoni. Halafu, akiwa bado anatazama, uso ukaanza kuja. Yalitoka masikio, yakatokeza nje. Zikaja nyusi. Likaja kovu, likakaa upande usio wake, nyusi ya kulia, likasita, likahamia kushoto. Ilikuwa inajifunza. Ilikuwa inachota picha ile kutoka kwenye macho yake, na mdomo ulipokamilika ulitabasamu tabasamu la mtu anayetaka kupiga chafya.

Goti la Yusta likaanza kuinama lenyewe. Mbele ya lile tabasamu alielewa kwamba likigusa sakafu, mtoto si wake tena.

Akalinyoosha.

"Nipishe," akasema.

Kile kitu kikaacha kubembeleza.

"Nimesema nipishe. Nataka kumnyonyesha mwanangu. Kaa kwingine."

Hakuna mkwe wa kike katika ukoo ule aliyewahi kutamka maneno hayo. Kengele kifuani ikaanza kulia, ikavuruga wimbo wake, ikarudia mwanzo, ikavuruga tena. Uso ukayeyuka. Kikainuka, kirefu kuliko mlango, kikapita karibu naye kiasi kwamba maji yake yalimlowesha bega, na Yusta hakusogea hata unyayo. Kilimkwepa chenyewe, upande upande, kama mgeni asiyetakiwa. Blessing akadondoka kwenye godoro akalia kilio kikubwa, kizuri, cha mtoto mwenye njaa.

Severina alimkuta binti yake amekaa sakafuni ananyonyesha. Alikaa naye. Hakusema kitu cha busara. Alisema, "Maharage yote yameloa."

Lugano hakungoja Jumapili. Yusta alikuwa amempigia analia, akaomba ruhusa kazini, na jioni hiyohiyo mvua ikiwa imekatika aliingia getini na mfuko wa mchele begani na hasira usoni. Wanawake walikuwa uani, Yusta amemfunga Blessing mgongoni, anafua blanketi lililonuka udongo. Severina alipomwona mkwewe akageuza kiti, akatazama ukuta, kama ipasavyo.

"Muulize mama nani kamruhusu kutoa picha ya baba ukutani."

"Mwambie mkwe wangu picha iko mezani na saa yake iko kwenye droo. Kuanzia leo avichukue vyote viwili akalale navyo Rujewa."

"Mwambie mama hii ni nyumba ya baba yangu!"

Akapanda barazani kwa hatua kubwa. Akausukuma mlango.

Hakuingia.

Alishusha mfuko wa mchele chini polepole. Akasogea kando ya mlango, akabana mgongo ukutani, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Yusta aliacha kufua. Mtoto wa kiume hampishi baba yake namna ile. Ile ilikuwa adabu ya wanawake, na ilikuwa kamili, hadi mikono.

"Baba Blessing. Unampisha nani?"

"Shh," Lugano akanong'ona. "Hamsikii?"

Hawakusikia kitu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, basi.

Severina akageuza kiti. "Haiwezekani," akasema. "Nimemtoa jini kwa mwanangu, kaingia kwa mkwe wangu ambaye mila hainiruhusu hata kumzaba kofi."

Alifikiri kidogo juu ya mila. Kisha akapanda barazani, akasimama uso kwa uso na mkwewe, akamzaba kofi lililosikika mpaka kwa jirani.

Lugano hakushtuka. Hakuinua hata macho. Mkono wake wa kulia ulinyooka kuelekea ndani, kama mzee wa kanisa anayepokea waumini mlangoni.

"Ndaga, baba," alisema kwa upole, anashukuru kwa Kinyakyusa. Akangoja kidogo. Akasema tena, kwa mwingine. "Karibu. Karibuni. Piteni tu, nafasi ipo."

Yusta alimshika mama yake mkono. Walitoka getini bila mfuko, bila viatu, na walipofika barabarani waligeuka mara moja tu. Alikuwa bado ameinama, mkono umenyooka, anatikisa kichwa kidogo kwa kila aliyepita. Na walikuwa bado wanapita.